Vigae Katika Udongo wa Tekla

Tekla wa Ifakara hakuwa mtu wa maneno mengi, ila mikono yake ilijulikana hadi Lupiro. Chungu chake ungekitoa motoni ukakimwagia maji baridi papo hapo, kisipasuke. Ndiyo sababu daktari mmoja Mzungu, mtafiti wa udongo na matofali, alipiga kambi jirani naye pamoja na msaidizi wake Fulgensi, aliyekuwa mwalimu. Kwa miaka miwili walipima udongo wake, wakauchoma, wakaupiga nyundo. Mwaka 1956 wakaalikwa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wataalamu wa nchi tisa, wakamchukua na Tekla.

Daktari alisoma ripoti kwa Kiingereza, Fulgensi akimnong'oneza Tekla.

"Anasema nguvu yote imo kwenye udongo mweusi wa bonde, vile unavyochimbwa."

"Vile unavyochimbwa? Na vigae je?"

"Vigae gani, mama?"

Hapo Tekla akang'amua. Vyungu vilivyovunjika alivisaga vikawa unga, akauchanganya na udongo. Bila hivyo chungu hupasuka siku ya kwanza motoni. Lakini kwa desturi aliyoachiwa na mama yake, mwanamume hasogei mahali pa kusagia na kukandia. Wasomi hawa walikaa barazani kwa adabu zao, wakingoja madonge ya udongo yaliyokwisha kukandwa. Miaka miwili wanapima kitu wasichokijua! Naye, kwa kuwa hakuulizwa, alidhani wanajua.

Huko mbele mwenye kiwanda cha vyungu alikwishainua mkono, anataka malori ishirini ya udongo wa bonde, na watafiti hao wamsimamie kazi miaka mitano.

"Mama, tukisema sasa tumekwisha," Fulgensi akanong'ona. "Daktari ataaibika, na sisi tutarudi mikono mitupu."

Tusidanganyane, Tekla aliogopa. Lakini aliwafikiria wanawake watakaonunua vyungu hivyo, wali wao ukimwagika motoni na watoto wakilala njaa. Akasimama.

"Bwana Daktari, samahani. Udongo peke yake haufai. Mimi huchanganya na vigae vya kusaga."

Fulgensi akaitafsiri kauli hiyo kwa Kiingereza, kwa sauti, bila kupunguza neno. Naye apewe sifa yake. Mwenye kiwanda akashusha mkono. Daktari aliiva uso mpaka masikioni, akashika kalamu.

"Basi nitaandika kwamba mimi nimekosa," alisema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama.

"Hapana, Bwana Daktari. Andika tumekosa sisi watatu. Ninyi hamkuuliza, na mimi sikusema."

Daktari akamtazama mama huyu, akainamisha kichwa kwa heshima, akaandika. Katika kurasa arobaini za ripoti ile jina la Tekla halikuwamo popote. Siku hiyo likaingia, kwenye mstari wa makosa, na mwenyewe alisimama pale akihakikisha limeandikwa.