Simu Ndani ya Kikapu

Nianze kwa kujisifu, kwa sababu yanayofuata hayana sifa. Hapa Texas, kuanzia kwetu Alief, Houston, mpaka huko juu Plano, karibu na Dallas, sijui mwanamke mwingine aliyepiga picha za kupamba nyingi kuliko mimi. Siku za kazi navaa sare ya kliniki na kuwaunganisha wagonjwa wa figo na mashine zao. Jumamosi naiweka kamera kwenye kiti cha abiria, naifunga mkanda, na tunaondoka.

Kupamba, kwa asiyejua, ni sherehe ya wanawake peke yao. Bi harusi anakalishwa jukwaani na hina yake, dhahabu yake na asumini zake, wenzake wanakuja kumtazama na kumchezea. Mlango ukishafungwa, mabuibui yanavuliwa. Hapo utawaona watu ambao wiki nzima wanaendesha mabasi ya shule na kusukuma vitanda vya hospitali, wameachia mabega na nywele, wanacheza chakacha mpaka sakafu ya ukumbi inalalamika. Hakuna mwanamume anayepaswa kuona hayo. Kwa hiyo mlangoni huwekwa kikapu na shangazi mmoja mkali. Kila simu inatiwa kwenye bahasha yenye jina na nambari ya mwenyewe, bahasha inatiwa kikapuni, na haitoki mpaka mwisho wa shughuli. Kamera inayoingia ni moja tu, yangu.

Ruhusa hiyo sikuipata kwa uzuri wa macho. Nilipewa na mama mmoja wa Unguja, mjane anayeishi Plano. Nilipofika nchi hii sijui hili wala lile, yeye ndiye aliyenipokea, akanifundisha kuendesha gari kwenye barabara za njia sita huku akisoma dua kwa sauti ili nisikie kwamba hali si nzuri. Wanawake walipokataa mpiga picha yeyote asiingie kwenye kupamba zao, alisimama akasema, "Huyu namdhamini mimi. Akiharibu, mje kwangu." Tangu siku hiyo nikaingia kila mahali.

Nami nilijiwekea desturi yangu. Shughuli ikiisha, naifungua kamera mbele ya mama wa bi harusi, naichomoa ile kadi ndogo inayohifadhi picha na kuitia kiganjani mwake. Kisha nasema maneno yaleyale, "Picha ni zako, mimi sina hata moja." Wanawake walipenda sana kuyasikia, na mimi nilipenda kuyasema. Pengine kupita kiasi.

Halafu nikanunua kamera mpya. Sitajifanya mtu wa kulilia mambo ya zamani, kwa sababu ile kamera niliipenda tangu dakika ya kwanza. Inalitafuta jicho la mtu yenyewe, inaona kwenye giza la ukumbi kuliko mimi, na ukipiga picha tu, picha inaruka mpaka kwenye simu yako bila waya. Miaka yote nilikuwa nikirudi nyumbani kukaa na kadi na kompyuta, nikihamisha picha za mahafali na za pasipoti moja baada ya moja. Sasa nilikuwa nikimaliza kazi nikiwa bado nimesimama. Simu nayo ilikuwa ikizipeleka kwenye hifadhi ya familia mtandaoni, ambapo mimi na mume wangu tunaweka picha za watoto. Nilijiona nimefika.

Ikaja kupamba ya binti mkubwa wa yule mama wa Plano. Nilitoka Houston alfajiri na ndoo ya barafu nyuma ya gari, ndani yake asumini zilizochumwa uani kwangu. Mlangoni shangazi alikuwa amekaa na kikapu chake. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiipigia debe ile sheria miaka yote, nikaitoa simu yangu kwanza, nikaiinua juu, kila mtu aone. Nikaiandikia bahasha. Nikaitia kikapuni kwa madaha.

Simu ilikuwa inawaka. Sheria ilisema simu iingie kikapuni, haikusema izimwe.

Nilifanya kazi nzuri siku ile, na hilo silirudishi nyuma. Bi harusi alitoka kama alivyo, si kama mwanasesere. Na mama yake, ambaye kwa kawaida hucheka kwa kufunika mdomo, aliinuka chakacha ilipokolea, akafungua nywele zake nyeupe mpaka kiunoni na kuinua mikono. Nikampiga picha ambayo nilijua palepale ndiyo bora ya mwaka ule.

Katikati ya ngoma shangazi wa mlangoni akapaza sauti, "Kuna simu humu inalia kama kichanga! Ina shida gani?"

"Mwache mwanamume alie," nikajibu kutoka jukwaani. "Atajifunza kupika."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaendelea kupiga picha. Mwisho wa shughuli nikaichomoa kadi, nikaitia kiganjani mwa mama na kusema maneno yangu kwa sauti ya juu. Akanibusu paji la uso mbele za watu. Nikatoa simu yangu, bahasha nikaiacha kikapuni kama wenzangu, nikaenda kwenye gari.

Mume wangu alikuwa amepiga mara kumi na moja. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, "Zima kamera. Zima sasa hivi."

Nikampigia. "Mke wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kukimbia, "picha zenu zilikuwa kwenye TV."

Televisheni yetu ya sebuleni, mpira ukiisha na mtu asipoigusa, huonyesha picha za familia. Tuliipanga hivyo wenyewe ili tuwaone watoto. Mume wangu na ndugu yake walikuwa wanakula, mpira umeisha, mara wakatokea watu wa Plano.

"Umeona ngapi?"

"Mbili. Ya kwanza nilidhani ni tangazo. Ya pili nikamjua mtu. Mama wa Plano. Anacheza."

"Na ndugu yako?"

"Ameona nilichoona. Ameinamia sahani mpaka nikadhani anaswali. Remote siioni, nikavuta leso yako kwenye kochi nikaifunika TV, kisha nikang'oa waya ukutani." Halafu akasema kile ambacho ningekisema na mimi kama ningekuwa yeye. "Nime-delete kila kitu huku. We futa kwenye simu, nyamaza. Nani atajua?"

Nikaondoka kuelekea Houston. Nilifika nusu saa hivi nje ya Dallas nikiyapigia hesabu maneno yake, na hesabu ilikuwa inakubali. Kadi iko kwa mama. Walioona ni wawili, na wote ni watu wangu. Lakini kila nilipovuta pumzi nilijisikia nikisema, "Mimi sina hata moja," kwa ile sauti ya juu, na pale aliponibusu palikuwa pananichoma. Nilisimama kituo cha mafuta nikafuta picha zote. Ile ya mama niliifuta mwisho. Kisha nikageuza gari. Jua la Texas la kiangazi lilikuwa bado liko juu, haliamini kwamba siku imeisha.

Nilimkuta jikoni kwake, anafunga pilau iliyobaki kwenye trei za karatasi ya fedha. "Umesahau nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila kuremba. Nikasema simu ilikuwa kikapuni ikipokea picha, picha zikaenda nyumbani, na mume wangu na shemeji yangu wameona mbili.

Alinawa mikono, akaikausha taratibu, akakaa. "Yangu imo?"

"Imo."

"Nywele?"

"Zilikuwa wazi, Mama."

Akaugusa ushungi wake kichwani kama anayehakikisha upo. "Ukimtoa baba yangu na ndugu zangu," alisema, "mwanamume aliyeziona nywele hizi ni mmoja. Nimemzika."

Nililia. Yeye hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Zimefutika?"

"Nimezifuta kwenye simu, na mume wangu amezifuta kwenye hifadhi."

"Apa."

Mdomo ulikuwa tayari. Mimi ni mtu wa majibu, sijawahi kukosa jibu mbele ya mteja. Lakini nilijua ile hifadhi huwa na debe lake la taka ambalo nalo hukaa na vitu kwa siku kadhaa, na nyuma ya debe hilo kuna mashine za watu nisiowajua, katika miji nisiyoijua. Nilikuwa nimeinunua ile kamera kwa sababu inapeleka picha. Sikuwahi kuuliza inapeleka mpaka wapi.

"Siwezi kuapa," nikasema.

Akaniangalia sana. "Basi wapigie. Wote waliokuwemo, mmoja mmoja, kwa mdomo wako. Usiwatumie ujumbe kwenye group." Akaenda kwenye kile kikapu, ambacho kilikuwa kimerudi naye kutoka ukumbini, akanikusanyia zile bahasha tupu zenye majina na nambari. "Mimi ndiye niliyewaambia waje kwangu ukiharibu. Sasa nitakaa niwasubiri."

Ilinichukua wiki mbili. Nilikuwa nikipiga simu wakati wa mapumziko, ndani ya gari, kwenye maegesho ya kliniki, bahasha zimekaa mapajani. Wengine walinisamehe kabla sijamaliza sentensi. Mmoja alikata simu na mpaka leo hajanisalimia. Mama mmoja wa Kikongo wa Haltom City, mji usio mbali na Dallas, Mkristo, ambaye alialikwa kwa sababu anafanya kazi ya kulea wazee pamoja na shangazi wa kikapu, alicheka sana. "Mama, miye nilivaa muzuri siku ile! Waache wanione tu." Nilicheka naye mpaka nikaanza kulia tena. Msichana mmoja aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini nimemwambia, kwani asingejua. Nikamwambia ndiyo maana nimemwambia.

Baada ya hapo simu yangu ikanyamaza. Walinipigia kwa mahafali, walinipigia kwa picha za pasipoti, lakini kupamba hakuna aliyeniita. Walipiga picha wenyewe au hawakupiga kabisa. Nilikuwa na muda wa kufikiri, na nitasema nilichofikiri. Kamera ya zamani ilikuwa sanduku, ulitia kitu ndani kikakaa. Hii ya leo ni mmbea mwenye macho mazuri. Siichukii, na mahafali napigia hiyohiyo. Ila mmbea humwingizi chumba cha ndani, hata akiwa mzuri vipi, na kosa si lake bali la aliyemfungulia mlango.

Siku moja, miezi mingi baadaye, mama akanipigia. Binti yake wa pili anaolewa. "Njoo," alisema, akakata simu.

Nilikwenda na kamera yangu ya zamani, ile iliyobonyea pembeni tangu siku ilipoanguka kwenye ngazi za ukumbi, ambayo haijui mtandao ni nini. Simu niliizima nikaiacha Houston, nikaendesha saa nne bila ramani wala muziki. Mlangoni shangazi akauchungulia mkoba wangu kama askari wa uwanja wa ndege. Nikaingia. Wanawake walikuwa wameshajaa, mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna hata mmoja aliyevua buibui lake. Nilisimama katikati yao na kamera shingoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilitamani niwe mtu mwingine.

Mama akaja. Akaichukua kamera mikononi mwangu, akaigeuza huku na huku kama anayekagua samaki sokoni, akagusa pale ilipobonyea.

"Hii inapeleka wapi?"

"Haipeleki popote. Inakaa nazo mpaka nikupe."

"Utaapa?"

"Wallahi."

Akanirudishia. Kisha akapanda jukwaani, akakaa kwenye kiti cha bi harusi kabla bi harusi hajatolewa, akaanza kuchomoa pini za ushungi wake, moja moja, akizibana kati ya midomo. Ushungi ukaanguka mabegani. Akazifungua nywele zote, akazisambaza kwa vidole, akanitazama.

"Haya," alisema. "Anza na mimi."

Nikainua kamera, na nyuma yangu nikasikia mabuibui yakivuliwa.