Hodi ya Gereji

Fundi wa sakafu alivua viatu mlangoni mwa gereji kama anayeingia sebuleni, akapiga magoti na kuanza kugonga saruji kwa kifundo cha kidole. Kila akigonga, eti "Hodi!", sikio likiwa chini kabisa.

"Nani atakuitikia humo, fundi?" Mama akacheka, vigae vya sampuli mkononi.

"Palipo na uwazi huitika, mama."

Akafika kwenye doa la oili, pale ambapo marehemu mume wa Mama alikuwa akishinda chini ya gari kila Jumapili. "Hodi!"

"Karibu, Baba Watoto," Mama akajibu, kisha akaziba mdomo.

Fundi hakuinua kichwa. Alilipapasa doa kwa kiganja. "Vigae vitalifunika hili. Vanishi angavu juu ya saruji italionyesha."

Mama akaviweka vigae chini. "Basi nipakie vanishi, fundi," akasema, naye akavua ndala zake.