Ayoo na Njia za Siafu

Jirani yangu Ayoo alikuja Boito kutoka upande wa ziwa kufanya kazi katika kiwanda cha chai. Alistaafu, akabaki. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunavaa viatu vya gambuti na kuingia kwenye kipande cha msitu kilichobaki kati ya mashamba na mto, yeye mbele ameinama. Akiona mchoro mweupe uliopindapinda kwenye jani, anakuonyesha mahali funza alipoanzia akiwa mdogo na alipotokea amenona. Mimi nimezaliwa hapa, na bado ndiye ninayefundishwa. Inaniudhi kidogo, lakini ninaenda.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, mvua ilinyesha asubuhi kisha jua likawaka. Ayoo alikuwa amembeba mgongoni mjukuu wake Eliakim, wa miezi saba. Akaona kichuguu chenye matundu mapya, yamezibwa kwa udongo laini.

"Mama Nelvine," akaniambia, "hii kumbikumbi iko tayari kutoka. Leo utakula kama watu."

"Sisi hatukulangi hiyo, shosho," nikamjibu bibi huyo.

"Ndio maana mko wembamba hivyo."

Kwao kumbikumbi huitwa kwa vijiti: unagonga karibu na kichuguu, haraka haraka, mpaka wadhani mvua inanyesha. Kazi hiyo inatikisa mwili mzima, na mtoto alikuwa amelala. Ayoo akamtafutia mahali palipo mbali kidogo na kelele. Chini ya mti mmoja palikuwa na njia ya siafu, mfereji mwembamba uliosuguliwa na miguu yao, lakini buibui alikuwa ametanda utando juu yake.

"Hawajapita siku nyingi," akasema.

Nikamwamini. Akatandika leso, akamlaza Eliakim.

Tuligonga, wakatoka kwa mamia, nami niliyekataa kuwala nikawa najaza mfuko nikicheka. Kisha nyenje akaruka juu ya gambuti langu. Buibui naye akafuata, kisha mende, wote wakikimbilia upande mmoja, wote wakitokea kule kwa mtoto.

"Wanakimbia nini?" nikauliza.

Ayoo alikuwa ameshatupa vijiti. Siafu wanapenda kumbikumbi kuliko yeye, na sisi tulikuwa tumewaandalia karamu. Nilimfuata mbio.

Leso ya manjano ilikuwa imegeuka nyeusi, na weusi ule ulikuwa unatembea. Eliakim alikuwa halii. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu siafu wanajua njia ya puani. Ayoo alimnyakua, tukakimbia hadi mtoni, tukamvua nguo zote. Nilikuwa nang'oa siafu mmoja mmoja, mwili unatoka, kichwa kinabaki kimeuma. Ayoo alimtia kidole mdomoni, kisha akaweka mdomo wake kwenye pua ya mtoto, akavuta, akatema. Akavuta tena.

"Lia, baba! Lia!"

Sijui ilichukua muda gani. Alipolia, niliketi kwenye matope nikalia naye.

Sasa Eliakim anakaribia miaka mitatu na hata mbuzi hamshindi mbio. Ayoo bado anaingia msituni kila Jumapili, lakini tukifika mti wa kwanza anachuchumaa na kumfunga mgongoni, miguu ya mtoto ikining'inia karibu na magoti yake.

"Shosho, huyu ni mzito. Utavunja mgongo."

"Wacha uvunjike," husema, akikaza fundo.