Mzizi wa Nabalayo

Siku ya kwanza Geresom kumwona Nabalayo, mama huyo alikuwa akimfokea Ronnie, mwenye duka la mitishamba, mbele ya duka hilo, mtaani Nalufenya, Jinja. Geresom, askari magereza mstaafu, ndiye aliyelinda mlango.

"Jinsengi! Nani kakwambia nauza jinsengi? Huu ni mulondo, umetoka kwetu Mbale."

"Mama, watu wa mjini wanapenda jina la mbali, la mzizi wa Wachina," Ronnie akacheka.

Nabalayo akavunja mzizi mmoja, akamsogezea Geresom puani. Ulinukia utamu, kama vanila.

"Nusa, afande. Mimi siuzi mzizi ambao mteja hajaunusa."

Geresom akanusa, akaona haya. Tangu hapo magunia ya mama aliyapokea yeye mwenyewe, bila kusema zaidi ya "karibu, mama."

Wateja walipozidi, mizizi haikutosha. Ronnie akaagiza majani na mashina kwa watu wengine, akasaga vyote pamoja, akajaza makopo yenye picha ya Nabalayo na maneno "mzizi mtupu". Magunia ya majani yalifika kwenye mashine ya kusaga begani mwa Geresom.

Mama aliporudi na mzigo mwingine, alimkuta Zahara, mteja kutoka Wanyange, ameshika moja la makopo hayo.

"Wewe ndiye wa kwenye picha? Tapeli mkubwa! Nusa mwenyewe. Nyasi!"

Nabalayo akanusa. Uso ukamwiva.

"Haya majani! Mimi nayapika mboga nyumbani, yana faida yake. Lakini dawa iliyo kwenye jani siyo iliyo kwenye mzizi. Hata hiyo jinsengi yenu ni hivyo hivyo. Aliyelipia mzizi apewe mzizi!"

"Ndivyo alivyoleta mwenyewe," Ronnie akawaambia watu waliojaa mlangoni.

"Mwongo! Afande, wewe ndiye unayepokea magunia yangu. Waambie nilileta nini."

Macho yote yakamgeukia Geresom. Akatazama viatu vyake.

"Mama Majani!" mmoja akazomea, na wengine wakadakia. Zahara akalitupa kopo miguuni pa mama, unga ukamwagika.

Nabalayo akabeba mzigo wake, akapanda boda boda. Hapo ndipo Geresom akatoka mbio, akaishika pikipiki.

"Mama, mimi najua. Ulileta mizizi."

Nabalayo akamwondoa mkono kwenye pikipiki.

"Mimi pia najua nilicholeta, afande. Wasiojua umewaacha kule mlangoni."