Tuligawana Kadi Kama Mawe ya Duara

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, masanduku manne meusi yalikuwa yamepangwa mstari mmoja uani kwetu Nyasubi, na watu wazima watano tulikuwa tumekaa tukiyatazama kama vile mojawapo lingekohoa.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyekuwa anahama.

Tulikuwa tunagawana kadi.

Najua utacheka. Cheka tu. Kaka yangu Edson alicheka pia alipoitwa kutoka Geita kuja kusimamia jambo hilo.

Naitwa Noela. Nafanya kazi kwenye maabara ya kupima mawe ya dhahabu hapa Kahama. Kazi yangu ni kumwambia mtu jiwe lake lina nini, si anachotamani liwe nacho. Watu hunichukia kwa hilo. Nimezoea.

Kadi zilianza na mume wangu, Herman.

Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchoronga miamba. Kambini alilala chumba kimoja na Mfilipino mmoja, na yule bwana mkataba wake ulipoisha alimwachia bunda la kadi za mchezo. Si karata. Hizi kila moja ina picha yake na nguvu yake: majoka, wachawi, askari wenye mabawa. Unapanga jeshi lako, mwenzako anapanga lake, mnapambana mezani. Kuna kadi ambazo watu hutupa chini. Na kuna kadi ambazo mtu akizipata, hata umpe nini, haziachii.

Herman alicheza miezi michache, akachoka.

Mimi sikuchoka.

Miaka saba nilizitafuta. Nilibadilishana na madereva wa malori pale Isaka, wale wanaosubiri mizigo ya Kigali na hawana la kufanya. Nilibadilishana na wanafunzi wa vyuo, na daktari mmoja wa Mwanza aliyezipenda kuliko wagonjwa. Moja baada ya nyingine, nikakamilisha majoka yote ya toleo la kwanza, la mwisho likiwa lile jekundu lililonitesa kuliko yote. Kila joka lilikaa ndani ya kasha lake gumu la plastiki, kona hazijapinda, uso haujakwaruzwa. Nilizishika kwa glavu.

Siku moja Herman alisimama mlangoni akinitazama.

"Mimi unanishika na mikono ya vitunguu," alisema. "Hizo unazishika na glavu."

Nilimwambia afunge mlango, vumbi linaingia.

Ndoa ilikufa. Sababu ni zilezile unazozijua, sitakuchosha. Kikao cha familia kilikaa, nyumba ikagawanywa, kiwanja, friji, pikipiki, hakuna aliyepandisha sauti.

Zikafika kadi.

"Nusu yangu," Herman akasema. "Mimi ndiye chanzo."

Edson akaangua kicheko. "Nusu ya makaratasi, shemeji? Unataka ya kuwashia jiko?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Nikiyapata majoka yake nayachoma. Hapahapa. Mbele ya macho yake."

Alisema polepole, kama mtu anayeagiza chai. Hosiana, dada yake, alimgusa mkono. Akautoa.

Nikaelewa kwamba hazitaki kadi. Anataka mimi nisiwe nazo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ni gumu zaidi kulizuia.

Mzee Mwigulu ndiye aliyekata shauri. Ni mjomba wa Herman, lakini upande wa Runzewe hata wasio ndugu zake humwita kwenye machimbo awagawie. Amegawa mawe katikati ya watu wenye mapanga mikononi na hakuna aliyewahi kumwaga damu mbele yake.

"Tutagawa kama mawe," alisema. "Hakuna mtakalolalamikia."

Kama hujui, ni hivi. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji, yanajazwa kwenye viroba vinavyofanana. Mmoja anajaza atakavyo, mwingine anaanza kuchagua. Hakuna kufungua. Unaruhusiwa kunyanyua tu. Ukishaweka mkono na kusema "hiki," ni chako, kiwe na dhahabu au kokoto, na hakuna mtu wa kumlilia.

"Noela atajaza," akasema Mzee. "Herman ataanza kuchagua. Masanduku mkayatafute wote wawili, mmoja asije akaleta lenye alama. Yasionyeshe ndani. Yasinuke. Yafanane kama mapacha."

Nilikubali bila kujadili. Edson alinivuta pembeni.

"Una wazimu? Unamwachia aanze?"

"Niache nihesabu mwenyewe, kaka."

Hesabu yangu ilikuwa hii. Mchimbaji huchagua kwa uzito. Dhahabu ni nzito, kwa hiyo kiroba kizito ndicho kinachogombewa. Mtu aliyelelewa na mjomba mwenye maduara hawezi kulitoa hilo mikononi mwake. Lakini kadi si mawe. Kadi za hovyo hubanwa pamoja kama tofali, sanduku likajaa likawa zito la kukupinda mgongo. Kadi ya thamani hukaa ndani ya kasha gumu, na kasha gumu limejaa hewa. Sanduku la majoka lingekuwa jepesi kuliko yote.

Herman hakuwahi kunyanyua sanduku la kadi nyumbani kwangu. Asingejua.

Tulikwenda dukani kwa Masudi, karibu na soko. Mimi mbele, Herman nyuma yangu kama askari magereza.

"Dada, chukua tranka la bati," Masudi akaanza. "Linakaa mpaka mjukuu wako aolewe."

"Bati linatoa jasho usiku. Karatasi inavimba."

"Basi hili la plastiki. Zuri, safi, unaona kila kitu."

"Ndiyo ubaya wake," Herman akasema. "Unaona kila kitu."

"La mbao? Nina fundi hapo nyuma, mkono wake dhahabu."

"Mchwa," nikasema.

"Boksi la karatasi ngumu je?"

"Panya."

Masudi akatutazama mmoja, kisha mwingine. "Nyie mnaoana nini? Mbona mnachagua kama maharusi?"

"Tunaachana," Herman akamjibu.

"Aa. Bei ni ileile."

Mwishoni tuliona meusi, plastiki nene, mifuniko inayobana. Niliyapanga sakafuni, nikayageuza, nikapitisha kidole kwenye kila ukingo. Kiwanda kimoja, umbo moja. Nilinusa. Nilitikisa. Mapacha kweli.

Yalikuwepo ya aina mbili: yenye matundu ya kufuli na yasiyo na matundu. Nikachukua yenye matundu.

"Rudisha," Herman akasema.

"Kwa nini?"

"Mawe yanafungwa kamba, Noela. Yakishajazwa yanalala kwa mwamuzi. Ukimpelekea mjomba sanduku lina kufuli, umemwambia ni mwizi mbele ya watu."

Nilifikiri. Desturi ndivyo ilivyo, nimeisikia kwa wachimbaji wengi wanaoleta sampuli zao kaunta. Na nilimhitaji Mzee Mwigulu asimame katikati bila kinyongo.

Nikachukua yasiyo na matundu.

Ijumaa nilijaza peke yangu, madirisha yamefungwa. Majoka yote nikayaweka sanduku moja, kila moja kwenye kasha lake, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Masanduku matatu nikayabana kadi za hovyo mpaka mifuniko ikagoma. Nikafunga kamba. Jioni mwanawe Mzee Mwigulu akayafuata na bajaji. Nilimwambia aendeshe taratibu. Akanicheka.

Sasa turudi Jumamosi, saa tatu.

"Mwangaluka," Mzee Mwigulu akatusalimu, akaketi, akaweka fimbo mapajani. "Mjazaji, umejaza kila kitu?"

"Kila kitu, baba."

"Umeweka alama?"

"Sijaweka."

"Mchaguaji, inuka."

Herman akainuka. Akalinyanyua la kwanza, akaliweka chini. La pili. La tatu alilinyanyua kwa mkono mmoja. Lilikuwa jepesi, nikalitambua pale pale. Akalirudisha. La nne likamtoa pumzi.

"Uzito hauna maana hapa," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nakwambia mbele ya mashahidi. Usichague kwa uzito."

Ulikuwa ukweli mtupu. Niliutoa kwa sababu nilijua haungeaminika. Duarani mjazaji akisema kushoto, mchaguaji mwenye akili huenda kulia.

Mzee Mwigulu akatabasamu. "Ng'wanawane, mwanangu, mjazaji ameanza kuongea. Masikio yako yazibe."

Herman akanitazama usoni kwa muda. Kisha akainama, akaweka kiganja juu ya sanduku la nne.

"Hili."

Edson akatoa mluzi mdogo. Mimi sikungoja. Nikaweka mkono juu ya la tatu.

"Hili."

Nikalinyanyua kidogo kujiridhisha. Uzito uleule niliouacha Ijumaa. Nikaketi nalo miguuni. Akachukua la pili, nikachukua lililobaki, na mgawanyo ukawa umekwisha kabla chai haijaiva.

"Kuna mwenye neno?" Mzee akauliza.

"Mimi nina ahadi," Herman akasema.

Alikuwa amekuja na petroli kwenye chupa ya maji. Akaliburuta sanduku la nne mpaka katikati ya ua, akalimwagia, kamba haijafunguliwa.

Hosiana akasimama. "Kaka, inatosha. Umeshapata chako. Twende nyumbani."

"Kaa chini."

Nami nikasema, maana sikutaka aje kunidai baadaye kwamba nilimdanganya: "Herman, fungua kwanza. Uone unachochoma."

"Najua ninachochoma."

"Hujui."

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Kaa utazame."

Nikavuta kiti karibu. Kweli nilikivuta. Nilitaka kuona vizuri mtu mzima anavyounguza takataka kwa kiburi, halafu nifungue changu mbele ya wazee, polepole, joka moja moja, aone.

Akawasha.

Plastiki haiwaki kama kuni. Inazama kwanza, inajikunja, moshi mweusi unapanda mnene mpaka jirani akaja ukutani kuuliza mnachoma tairi la nani. Mfuniko ukatoboka. Makali ya kadi yakaonekana, yamebanana, yanageuka rangi ya kahawia, kisha meusi. Edson alikuwa anapepea moshi kwa kofia huku anacheka.

"Shemeji, hilo jiko lako linapika nini? Tunasubiri!"

Herman alikuwa ananitazama mimi, hautazami moto hata kidogo.

"Hulii?" akaniuliza.

"Nilie nini?"

"Nilidhani utalia."

"Subiri kidogo," nikamwambia.

Moto ulipokuwa umelala, nikalivuta sanduku langu katikati ya miguu ya wazee. Nikavaa glavu. Nikasikia Mzee Mwigulu akikohoa.

Nikafungua kamba. Nikainua mfuniko. Makasha yangu yalikuwa palepale, yamejipanga kama nilivyoyapanga, vipakiti vya kufyonza unyevu pembeni. Nikatoa la kwanza, nikaligeuza kwenye mwanga ili Herman aone.

Lilikuwa na chura.

Chura wa matope. Kadi ambayo watoto wa Nyasubi huchezea kama sarafu, nilikuwa nazo tele. Nikatoa kasha la pili: chura. La tatu, askari wa mkuki, kona imekatika. La nne. La tano. Nikaanza kuyatoa mawili mawili, kisha nikalipindua sanduku zima juu ya mkeka nikayatawanya. Kila kasha lilikuwa na kadi ndani. Kila kadi ilikuwa ya kutupa.

Ndiyo maana uzito haukubadilika: makasha yalikuwa yaleyale, kadi za ndani ndizo zilizobadilishwa.

Edson aliacha kucheka.

"Baba," nikamwambia Mzee Mwigulu. "Jana usiku masanduku yalilala wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Nani mwingine aliingia?"

Akaikamata fimbo yake, akaitazama ncha. "Mawe yakishachaguliwa, mama, hayaulizwi yalipolala."

"Umegawa watu miaka yote hiyo. Kweli umefanya hivi?"

"Yule ni mtoto wa dada yangu," akasema, bila aibu na bila hasira, kama anayenitajia kabila lake.

Edson akamkunja Herman ukosi wa shati. Herman hakujitetea. Alining'inia tu pale mkononi mwa kaka yangu, anapumua kwa mdomo, macho bado kwangu.

"Ungeweza kuziuza," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka sawasawa. "Ungeweza kuzificha ukae nazo. Zilikuwa tayari mikononi mwako, ukaamua kuzibana kwenye sanduku la kuchoma."

"Nikae nazo za nini? Mimi sichezi."

Nikavua glavu. Nikaenda pale katikati ya ua, nikachutama. Bonge jeusi la plastiki lilikuwa bado linatokota, na pembeni kulikuwa na majivu ya karatasi, tabaka juu ya tabaka. Nikayachokonoa kwa kijiti. Yakavunjika.

Kivuli kikanifunika. Alikuwa Hosiana. Akachutama karibu yangu, kanga yake ikagusa majivu.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwepo wakati anazitoa. Nilimpigia magoti akuachie walau moja. Ile nyekundu, uliyoitafuta sana."

Nikamgeukia.

"Aliiacha?"

Hosiana aliuonyesha moto kwa kidevu.