Niko wa kwanza kwenye tablo, bwana yangu iko wa mwisho

Admin, ufiche jina na kijiji yangu, maana huku Masisi tunajuana. Wapendwa, mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nimeokoka, shule niliishia primeri. Mimi na bwana yangu tunafanya kazi kwa kampuni moja yenye kununua maharagi kwa walimaji. Mimi nachunga depo, pahali pa kukusanyia mifuko, kando ya barabara kubwa. Yeye anachunga ingine, kule milimani upande wa Ngungu, kwenye kamyo ya kubeba mifuko inakwamaka kwa matope.

Tuliishi vizuri mpaka direkteri mupya alipoleta mambo ya ordinateri, ile kompyuta. Sasa kila Jumamosi anatuma tablo kwa grupu ya watsapu: depo zote zimepangwa, ya kwanza juu kwa rangi ya kijani, ya mwisho chini kwa nyekundu. Inahesabu tu mifuko yenye imefika kwa depo kubwa. Yenye imelala milimani ikingojea kamyo, haihesabiwe. Njo maana mimi niko juu karibu kila juma, na baba wa watoto wangu iko mwekundu pale chini.

Mwanzo alicheka. Kisha wanaume wenzake wakaanza: "Papa, ao hata kwa nyumba unakuwaka wa mwisho?"

Kibaya zaidi, picha ya tablo ikafika kwa muchungaji wetu. Katikati ya ibada akapaaza sauti: "Mama yetu iko wa kwanza kwa kampuni muzima! Asimame, tumushukuru Mungu!" Wamama wakapiga vigelegele. Nikasimama. Nikaona bwana yangu kwa benchi ya wanaume, anapiga makofi kama wengine, macho kwa viatu vyake.

Tangu siku ile haniite tena mama wa watoto wake, ananiita shefu, kama mukubwa wake wa kazi. "Shefu, nipatie maji." "Shefu, unaruhusu nilale?" Mbele ya watoto, jamani!

Nilienda kwa direkteri. "Papa Direkteri, bwana yangu hana uvivu. Maharagi iko, kamyo njo haifike." Akanijibu kwa upole: "Mama, nakusikia. Lakini tablo haina pahali pa kuandika matope."

Basi nikajaribu akili yangu. Juma moja nikachelewesha mifuko yangu makusudi ili nishuke. Nikashuka mpaka wa tatu. Na bwana yangu? Pale pale, mwekundu. Wenye walikuwa nyuma yangu njo walipanda. Nikamwambia basi tuandike mifuko yangu ingine kwa depo yake. Aliniangalia, akauliza: "Sasa unanitolea sadaka, shefu?" Akatoka nje, ugali ikabaki kwa meza.

Juma hii direkteri ameniita. Anataka depo ya mwisho iwekwe chini ya mikono ya wa kwanza. Ni kusema nitakuwa mukubwa wa bwana yangu kwa kazi. Nikikataa, depo yake inafungwa, yeye anakosa kazi, na walimaji wa kule wanabaki na maharagi yao bila munuzi. Anangojea jibu Jumatatu.

Nilimwambia bwana yangu yote. Akasema polepole: "Ukubali, juu ya watoto na juu ya wale walimaji. Lakini siku utapanda kule kunikagua, ukirudi hautanikuta tena kwa hii nyumba."

Nimefunga, nimeomba, nimelia. Neno la Mungu linaniambia nimuheshimu bwana yangu, na sioni jibu lenye kumuheshimu. Nikisema ndiyo, anaondoka. Nikisema hapana, ni mimi nimemufukuzisha kazi. Usiku namusikia anageuka geuka, na mimi nageuka.

Wamama mutanishauri, lakini leo nataka zaidi sauti ya wababa. Papa unayesoma hii, ungekuwa ni wewe, ungetaka bibi yako ajibu nini Jumatatu? Musinitukane, nitasoma yote. Nifanye nini?