Gari la Marehemu Lilinigonga Mguu Mbele ya Waombolezaji

Marehemu alikuwa kwenye jeneza, mchungaji ameshika Biblia, na gari dogo lililokuwa limetulia sakafuni likaondoka lenyewe.

Hakuna aliyeligusa. Hakuna aliyekuwa ameshika rimoti.

Lilipiga kona kulizunguka jeneza, likaja kwa kasi ya wazimu, likanigonga muundi. Mimi. Ukumbi mzima umejaa watu, na mimi ndiye niliyegongwa.

Vuta kiti. Kuna watu mtaani kwetu Mbotela ambao mpaka leo wakiniona wanavuka barabara, na nimechoka kunyamaza. Majina nimeyabadilisha, mengine yote yalitokea hivyo hivyo.

Mimi niite Kweyu. Mchana nachomelea milango ya chuma kwenye karakana moja Industrial Area. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa mtu mwingine kabisa.

Tulikuwa kikundi cha wanaume wazima na ndevu zetu, wengine na watoto, tunaendesha magari ya rimoti. Uwanja wetu ulikuwa Jericho, kwenye ile lami karibu na soko. Mama mboga walitucheka mpaka wakazoea.

Usiniambie ni midoli. Mdoli haukimbii kumshinda mtu wa bodaboda.

Kiongozi wetu alikuwa Opicho. Alikuwa fundi wa simu, kibanda chake kiko hapo hapo Jericho, na mkono wake kwenye chuma cha solda ulikuwa mtulivu ajabu. Magari haya mengi huja na mota za kawaida, zile za brashi ndani, zinachoka haraka. Opicho alikuwa anazing'oa na kuweka mota za brushless. Hizo hazina brashi za kulika, zina nyaya tatu nene na hasira za kutosha.

Ukiwekewa brushless na Opicho, unavuta triga, kile kifyatulio cha rimoti, kidogo tu, gari linainua pua na kupotea.

Alikuwa rafiki yangu tangu darasa la tatu. Mamake alinilisha ugali mwingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sote tulimwita Mama Opicho, na mimi nilimwita mama tu.

Wiki aliyofariki, nilimpelekea mota mpya. Nilikuwa nimemwagizia kwa mtu anayeleta mizigo kutoka nje, iwe zawadi. Kubwa kuliko zote tulizowahi kushika.

"Buda, hii si mota," aliniambia akiigeuza mkononi. "Hii ni kesi."

"Weka tuone."

"Nitaweka na rimoti mpya pia. Jumapili mtanipigia saluti nyinyi wote."

Tulikula chapati na maharagwe jioni hiyo kwao, alikoishi na mamake, tukabishana kuhusu gia mpaka jirani akagonga ukuta. Tulibishana hivyo kila siku.

Kesho yake asubuhi alianguka bafuni. Hakuamka.

Daktari alisema moyo wake ulikuwa umepanuka siku nyingi bila yeye kujua. Lakini mtaani, mtu wa umri ule, mwenye nguvu zake, hafi hivi hivi. Lazima kuwe na mkono wa mtu. Na mtu wa nje wa mwisho kula naye alikuwa mimi.

Niliyasikia maneno hayo yakipita chini chini, nikayapuuza. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani. Nimbebe Opicho, nisafiri naye mpaka kwao Bungoma, nimshushe kaburini kwa mikono yangu. Familia ilikuwa imeshanipa nafasi kati ya wabebaji. Nilijua nikishafanya hivyo, nitaweza kulia na kulala.

Siku ya kumuaga, kabla ya basi la Bungoma kuondoka, mwili uliletwa ukumbini hapo mtaani. Sisi wa magari tukaamua kumpa heshima yetu. Tulipanga magari safu mbili, kama gwaride. Gari lake, lile jekundu lenye mota mpya ambayo hakuwahi hata kuipeleka uwanjani, tukaliweka mbele kabisa, sakafuni kando ya jeneza, karibu na miguu ya mamake.

Wanyoike, rafiki yetu mwingine, akataka taa za gari hilo ziwake.

"Ziwake tu, msee. Aende na taa zake."

Ili taa ziwake, lazima gari liwashwe. Na sheria yetu sisi wote ni moja: unawasha rimoti kwanza, ndipo unawasha gari. Ukimaliza unazima gari kwanza, halafu rimoti. Ukifanya kinyume, unatafuta balaa.

Tulifuata sheria. Wanyoike aliwasha rimoti, akaiweka juu ya jeneza, kando ya picha. Kisha akawasha gari. Taa zikawaka. Watu wakalia upya. Ilikuwa imependeza, sitadanganya.

Kitu ambacho hatukufikiria ni betri za rimoti. Wanyoike alikuwa amezitoa kwenye redio ya nyanyake.

Bado ingekuwa sawa, kama watu wangeongea kwa kifupi. Lakini wewe unajua matanga yetu. Akaongea jirani. Akaongea mwakilishi wa kanisa. Akaongea mwakilishi wa chama cha akina mama. Halafu akapewa maiki jamaa mmoja anayetafuta kura za wadi, mtu ambaye hakuwahi kumwona Opicho hata kwa picha, naye akaanza kutueleza habari za mitaro na taa za barabarani.

Rimoti ikiishiwa betri, hulia. Lazima ililia. Lakini spika zilikuwa zinanguruma mitaro, nani angesikia?

Mchungaji akachukua maiki hatimaye. Akafungua Biblia. Akasema, "Bwana anajua siri za mioyo yote."

Hapo ndipo rimoti ilipozimika.

Na gari likaondoka.

Sijui kama umewahi kusikia brushless kubwa ikifunguliwa ndani ya ukumbi wa saruji. Inapiga ukelele mwembamba unaoingia kwenye meno. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekunjwa kidogo kushoto, kwa hiyo lilizunguka jeneza badala ya kwenda ukutani. Lilipofika upande wetu wabebaji, likanivamia muundi, likapinduka, likalala chali magurudumu yakizunguka hewani.

Nilirukia swichi, nikalizima.

Halafu mama mmoja akapiga nduru.

"Amemwonyesha! Opicho amemwonyesha aliyemuua!"

Viti vikaanguka. Mgombea wetu wa mitaro alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

Mzee Mulongo, ndugu ya babake Opicho na msemaji wa familia, akaja akasimama mbele yangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameogopa.

"Kijana. Hii ni nini?"

"Mzee, si kitu. Ni failsafe."

"Ni nani huyo?"

"Si mtu, mzee. Rimoti imeishiwa betri. Gari likipoteza rimoti, linafanya kile lilichofundishwa."

"Linafundishwa?"

"Ndiyo. Siku ya kwanza unapounganisha rimoti na gari, gari linaangalia triga iko wapi. Ukiwa hujaigusa, litakumbuka kusimama. Ukiwa umeifinya, litakumbuka kukimbia. Siku rimoti ikipotea, linarudia hayo."

Nilikuwa nimeeleza vizuri, nilidhani. Hata watu wachache walianza kutikisa vichwa kukubali.

Mzee Mulongo akauliza, taratibu, "Na ni nani aliyelifundisha hili?"

"Ni Opicho mwenyewe, mzee."

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo.

Mzee akawageukia watu. "Mmesikia. Amekubali kwa kinywa chake. Ni Opicho aliyelituma."

"Hapana, mzee, sikusema..."

"Kweyu, nyamaza," mzee akanikata.

Nilimtafuta Wanyoike kwa macho. Yeye alijua ukweli wote huu kama mimi. Alikuwa anajaribu, maskini. "Wazee, ni kweli, ni mambo ya signal, acheni tu tuweke betri zingine tuwaonyeshe..." Mtu akamkamata kola akamwambia akithubutu kuligusa lile gari tena, watakwenda Bungoma na majeneza mawili. Akanyamaza. Simlaumu, nami ningenyamaza.

Nikamgeukia mamake Opicho. Kama kuna mtu angeniokoa ni yeye. Alikuwa amekaa pale pale, mikono imeshikana kwenye mapaja, akiliangalia gari.

"Mama, unanijua. Waambie."

Aliinua macho akaniangalia. Kwa muda mrefu. Kisha akajifunika uso na leso.

Ikawa imeisha. Wanaume walinishika mikono wakanitoa nje, bila kunipiga, bila kunitukana, jinsi unavyomtoa mlevi kanisani. Nafasi yangu akapewa binamu fulani aliyetoka Kitale siku hiyo hiyo.

Nilisimama kando ya barabara nikatazama wakiliingiza jeneza kwenye basi. Upande mmoja ulikuwa unashuka, yule binamu hakuwa anajua kubeba. Nilitaka kukimbia nikashike. Miguu ilikuwa yangu, mikono ilikuwa yangu, na sikuweza kufanya lolote. Basi likaondoka na Opicho.

Nililia pale nikiwa mtu mzima na suti ya kuazima. Watu walipita wakisema, tazama, dhamiri inamsuta.

Wiki zilizofuata sitaki kuzieleza sana. Mama mboga wangu alinihudumia bila kuniangalia. Mwenye ploti ninayopanga akaniuliza kama nina mpango wa kuhama. Kikundi chetu kilikufa. Hakuna aliyetaka kuonekana uwanjani na mimi. Kila mtu nilimweleza habari ya rimoti na triga, na kila nilipoeleza zaidi nilionekana mwongo zaidi. Mtu asiye na hatia, walisema, hahitaji maelezo marefu hivyo.

Kisha nikasikia Mama Opicho amerudi kutoka Bungoma. Jumamosi moja asubuhi akanitumia ujumbe niende kwake.

Nilikwenda nikiwa tayari kwa lolote. Nilimkuta peke yake. Alikuwa amekonda.

"Keti, Kweyu. Umekunywa chai?"

"Bado, mama."

Akanimiminia. Akakaa. Gari jekundu lilikuwa juu ya kabati la vyombo, limefutwa vumbi.

"Ulisema pale ukumbini gari linafundishwa siku rimoti inaunganishwa."

"Ndiyo, mama."

"Kuna mahali pa kubonyeza kwa gari, padogo sana, na huku unachomeka betri, na huku rimoti iwashwe."

Nilishangaa. "Ndiyo. Mama umejuaje?"

"Mikono haikumtosha. Mota aliiweka usiku ule ule, na asubuhi kabla hajaenda kuoga akaniita nikiwa hapa napika chai. Akaniambia, mama, nishikie hii, usifinye kitu." Akatazama mkono wake wa kulia. "Mimi nikafinya. Nilidhani ukishika bila kufinya haitafanya kazi. Ilipolia akafurahi, akasema imeshika. Sikumwambia kitu."

Nilihisi mzigo wote ukinitoka kifuani. Karibu nicheke.

"Mama! Basi ni hivyo tu! Mpigie Mzee Mulongo sasa hivi. Mwambie vile umeniambia mimi."

Akaanza kukunja leso yake magotini.

"Mama?"

"Sikujua leo, Kweyu. Nilijua siku ile. Ulipokuwa ukieleza pale mbele, nilijua ni mimi."

Nikaweka kikombe chini.

"Uliniacha nitolewe nje?"

"Nilikuacha." Akasogeza kiti karibu. "Nisikilize, mtoto wangu. Siku ile ukumbini ilikuwa mara ya mwisho Opicho kufanya kitu. Watu wote walimwona. Walisema ameongea. Nikiwaambia ni kidole changu, basi hakuongea. Basi alianguka tu hapo bafuni, mimi nikiwa jikoni, na hakuna neno alilosema, na hakuna aliyefanya kitu. Utanibakishia nini?"

"Lakini mama, mimi sikumuua."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita, ujue kwamba najua." Akanishika mkono. Ule mkono ulikuwa umenilisha tangu utotoni. "Wewe bado kijana. Watasahau. Mimi sina siku nyingi. Nibebee hii, Kweyu. Tafadhali."

Ningefanya nini? Niambie wewe unayesoma. Nilikuwa na kila kitu nilichohitaji kujisafisha, na kilikuwa kwenye mdomo wa mtu ambaye nisingeweza kumlazimisha kuufungua. Na hata kama ningeweza, ningemvunja.

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kweli.

"Sawa, mama," nikasema.

Tulikunywa chai. Haikuwa na ladha yoyote.

Juzi Mzee Mulongo alikuja Mbotela kumtembelea Mama Opicho. Nilikutana nao mbele ya duka, wamebeba unga. Nikasalimia. Mzee akatema mate kando. Mama Opicho aliniangalia kwa sekunde, macho yakajaa machozi, halafu akaangalia chini na kumshika mzee mkono wakaendelea. Nikanunua mkate wangu nikaenda nyumbani.

Sijawahi kufika Bungoma. Sijui hata kaburi limeelekea wapi.

Sasa wewe, ukiwa mpenzi wa haya magari kama mimi, toa kidole kwenye triga unapounganisha rimoti. Hilo ni dogo.

Kubwa ni hili. Ukimwona mtu mtaani anasemwa vibaya na amekaa kimya, hajitetei, usikimbilie kusema kimya chake kinamhukumu. Pengine ameombwa anyamaze na mtu anayempenda, na hakuwa na nguvu ya kukataa.